TUMETUPA UCHAWI AU TUMETUPA UFUNDI?



Wenyeji wa Ufipa husimulia kwamba jina la mji wao, Sumbawanga, ni maneno mawili yaliyoungana: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Anayeingia mjini anaamriwa autupe uchawi wake nje kabla hajakaribishwa ndani. Sisi Waislamu hatuna ugomvi na amri hiyo. Ni amri njema, na dini yetu imetangulia kuitoa. Lakini leo tunataka kuuliza swali ambalo huenda likawaudhi baadhi ya ndugu zetu. Je, ni kweli kwamba tulichokitupa ni uchawi?

Hebu tuingie katika nyumba nyingi za Waislamu wa mji huu na vijiji vyake, tutazame kwa macho yaliyo wazi. Hirizi zingali viunoni mwa watoto. Mpiga ramli angali akijua njia ya kufika mlangoni. Lakini fagio limenunuliwa, ungo umenunuliwa, mchicha wa jioni umenunuliwa, na kigoda kilichovunjika mguu kina miezi sita kikingoja fundi wa kulipwa, ilhali nyumbani mna vijana watatu wenye afya wanaotazama simu tangu asubuhi. Ua umefagiwa vizuri, lakini hauna hata shina moja la mboga. Basi kilichotupwa ni kipi? Uchawi tumeubakisha, na ufundi ndio tulioutupa!

WALIOTUTANGULIA

Si kweli kwamba nchi hii ya juu, yenye baridi na upepo, iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ilikuwa ya watu wasiojua kitu mpaka walipoletewa bidhaa za madukani. Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga tanuri ndefu za udongo, zilizozidi kimo cha mtu, wakaziita malungu. Walizijaza mawe yenye chuma pamoja na makaa, na kwa kuwa walizitoboa matundu kuzunguka upande wa chini, hewa iliingia yenyewe na moto ukawaka siku kadhaa pasipo mtu kuvuta mivukuto. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kina taka, kwa hiyo kikapelekwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha. Kisha mhunzi akakifua, akatoa jembe, shoka, mkuki na kisu. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Mtanzania mwenzetu Profesa Bertram Mapunda, wamezichunguza tanuri hizo kwa miaka mingi, na magofu yake yangali yakionekana.

Hawakuishia kwenye chuma. David Livingstone alipopita pande za Ufipa mwaka 1872 alikuta pamba ikilimwa na wenyeji wakifuma nguo zao wenyewe. Na katika kilimo walikuwa na elimu ambayo wengine huisomea vyuoni. Mvua zikiwa zingalipo, mkulima wa Kifipa hulima nyasi, akazikusanya na kuzifunika kwa udongo, akafanya matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Juu ya tuta hupanda maharage au mazao mengine. Nyasi zilizo ndani huoza polepole, na msimu unaofuata tuta huvunjwa, udongo wake ukatandazwa, ukapandwa ulezi au mahindi. Hiyo ndiyo mbolea, tena isiyotoka dukani.

Leo tunafanya nini? Tunazichoma nyasi moto wakati wa kiangazi, majivu yakapeperushwa na upepo, kisha tunakwenda kupanga foleni ya mbolea ya mifuko. Bei ya mbolea hiyo ilipopanda sana, hata serikali ikabidi ianze kutoa ruzuku mwaka 2022, tulilia kana kwamba ardhi imefungwa. Hatusemi kwamba mbolea ya dukani ni mbaya. Tunasema kwamba mtu aliyeichoma mbolea yake kwa kiberiti asimlaumu mwenye duka peke yake.

DHARAU HII IMETOKA WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, na tunaomba msomaji atuvumilie.

Uislamu ulitufikia huku bara kwa njia ya biashara. Misafara ilitoka pwani, ikafika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na katika bandari kama Kirando na Kasanga watu wakasikia adhana. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Lakini ukweli haufichwi: misafara hiyohiyo ilichukua pembe za ndovu na ikachukua watu. Na kila mahali ambapo mtumwa ndiye anayelima, ndiye anayetwanga, ndiye anayebeba na kuchonga, bwana wake huanza kuamini kwamba kazi hizo ni alama ya utumwa. Ikawa muungwana ni mtu wa kukaa barazani na kanzu nyeupe isiyo na doa, na mikono laini ikahesabiwa kuwa ushahidi wa nasaba njema.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Dharau ya kazi haikufutwa na sheria yoyote. Tuliirithi, tukaivisha kilemba, tukaiita heshima ya Kiislamu. Mzazi akaona aibu mtoto wake asiitwe mhunzi, akaona fahari aitwe muuza duka, hata kama duka lenyewe ni meza yenye pakiti tatu za biskuti.

Shule nazo hazikutusaidia. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, alitaka mwanafunzi aiheshimu kazi ya mikono. Lakini shuleni ilikuwaje? Mtoto aliyechelewa alipewa fyekeo. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Kazi ikawa adhabu, na mtoto anayefundishwa kwamba jembe ni adhabu, akimaliza shule atalikimbia kama anavyokimbia kiboko.

Basi tuseme wazi: dharau hii haina asili katika dini yetu. Asili yake ni soko la watumwa, na kila anayeitetea kwa jina la Uislamu anausingizia Uislamu jambo usilolisema.

MANABII NA MASAHABA WALIFANYA KAZI GANI?

Ndugu Msomaji, anayeona haya kushika nyundo na amkumbuke Nabii Daudi (a.s.). Alikuwa mfalme, hakupungukiwa na kitu, lakini Qur'ani inatueleza kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma ili atengeneze mavazi ya vita. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi ya Bukhari, alimtaja yeye hasa kuwa mfano wa mtu aliyekula jasho la mkono wake, akafundisha kwamba hapana chakula bora kuliko hicho. Nabii Nuhu (a.s.) aliunda jahazi, na waliompitia wakamcheka. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala.

Ama Mtume wetu mwenyewe, Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na imepokewa kuwa alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Salman al-Farisi (r.a.) alipotakiwa kulipa mitende mia tatu ili awe huru, Mtume alikwenda akaipanda kwa mikono yake mitukufu. Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi Makka, na ni katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Bibi Zainab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka. Je, hao hawakuwa waungwana?

Hata sisi wenyewe, katika mikusanyiko yetu, tunasoma Ratibu Haddadi kwa sauti nzuri, na wengi wetu hawajui kwamba neno Haddad kwa Kiarabu maana yake ni mhunzi. Tunalitamka jina la kazi hiyo kwa mapenzi na heshima, kisha tunatoka nje na kumcheka mhunzi aliyekaa chini ya mti!

VISINGIZIO

Kisingizio cha kwanza ni hiki: “Dukani vitu ni rahisi.” Ni rahisi siku ya kununua. Ungo uliosukwa vizuri hudumu miaka na ukitoboka hushonwa. Wa plastiki ukipasuka huo ni wa jaani. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa ni mlango umefunguliwa kwa wasusi wa vikapu nchi nzima. Wangapi katika sisi walipita mlango huo? Wengi tulingoja mpaka viwanda vikatuletea mifuko ya aina nyingine, tukainunua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea cha kiwanda asichokijua hali yake ni hiyo hiyo.

Kisingizio cha pili huja kimevaa joho la dini: “Ufundi wa wazee ulichanganyika na uganga.” Ni kweli. Wayeyushaji wa chuma wa Ufipa walikuwa na dawa zao na miiko yao, na hayo hatuyataki wala hatuyatetei. Lakini aliyeumba chuma ni nani? Qur'ani ina sura nzima iitwayo Chuma, na ndani yake tunaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyekiteremsha, kikiwa na nguvu na manufaa kwa watu. Mwenye akili huondoa shirki, akaubakisha ufundi. Sisi tulifanya kinyume. Vilevile wakulima wa Ufipa walikuwa wakiitana kulima kwa pamoja na kulipana kwa pombe ya ulezi. Muislamu alipoikataa pombe alifanya wajibu wake. Lakini kwa nini aliukataa na ushirika? Ulezi huohuo unatoa uji na togwa. Waite jirani zako kumi, uwalishe vizuri, mlime shamba la mjane siku moja likwishe. Hapo utakuwa umetupa uchafu na kubakisha wema.

Kisingizio cha tatu: “Mnataka kuturudisha nyuma.” La! Hakuna anayekutaka uyeyushe mawe. Kazi ile ilikula makaa mengi, na Milima ya Mbizi haina miti ya kupoteza. Tunakutaka ujue kutia mpini jembe lako, kuziba paa lako, kushona kifungo chako, na kupanda chakula cha wanao. Hayo si mambo ya kale. Ni mambo ya kila siku.

BUSTANI NI AMANA YA WATOTO

Msomaji anaweza kudhani kwamba tunazungumza habari ya starehe ndogo ndogo. Basi na asikilize hesabu hii.

Mkoa wa Rukwa ni ghala la chakula. Katika miaka ya 1980 ulitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Magunia yetu yamewalisha watu wa mbali. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta hali imepungua kidogo, lakini bado karibu nusu ya watoto wa Rukwa wamedumaa. Nusu, ndugu zangu! Katika nchi ya mahindi, maharage na ulezi!

Sababu za udumavu ni nyingi: maji machafu, maradhi ya kuharisha, mama kufanya kazi nzito akiwa mja mzito, mtoto kuachwa na wadogo wenzake mchana kutwa. Lakini mojawapo iko mbele ya macho yetu, nayo ni sahani ya mtoto. Asubuhi uji mweupe, mchana ugali mweupe, usiku ugali mweupe. Maharage yameuzwa, yai limeuzwa, na mboga hainunuliwi kila siku kwa sababu fedha imekwenda kwingine. Baba ana ghala limejaa na mtoto mfupi. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo tutasema kwamba ua ulikuwa mdogo?

Bustani ya nyumbani haihitaji ekari. Hatua nane kwa nne nyuma ya jiko zinatosha kuanzia. Taka za jikoni, nyasi, majivu kidogo na samadi ya kuku, ukivifukia kwa namna ya ntumba, vitakupa udongo mweusi. Panda mchicha, figiri, sukuma wiki, maboga kwa ajili ya majani na matunda yake, na karoti, ambazo hupenda baridi yetu. Pembeni weka mche wa parachichi na mpichi. Kiangazi kikifika, mwagia maji yaliyosafishia mboga na nafaka.

Na tuulize jambo jingine: maji ya udhu misikitini mwetu yanakwenda wapi? Mara tano kwa siku watu hutawadha, na maji yanaishia mferejini, yanafanya tope na kuzalisha mbu. Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa mtu anayetawadha kando ya mto. Chimbeni mfereji mfupi, yapelekeni kwenye migomba na mboga, na mavuno yawe ya watoto wa madrasa. Msikiti ambao yatima wake wanakula mboga iliyomea kwa maji ya udhu umetoa mawaidha bila ya kipaza sauti.

Tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kila ndege, mtu au mnyama atakayekula humo, aliyepanda huandikiwa sadaka. Na tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwako mna mche, ukiweza kuupanda, upande. Basi ni udhuru gani alionao yule ambaye kwake Kiyama hakijasimama, bali amekaa tu?

NA MICHEZO JE?

Sasa tuwageukie watu wa makundi mawili, na huenda wote wakakasirika.

Kundi la kwanza ni la wale wanaoona kila mchezo ni haramu. Mtoto akichonga gari la mti, anakemewa. Binti akishona mwanasesere wa vitambaa, anachukuliwa na kuchomewa. Vijana wakishindana kukimbia, wanaambiwa wamemsahau Mungu. Tunawauliza ndugu hawa: Bibi Aisha (r.a.) hakuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume? Mtume hakushindana naye mbio? Wahabeshi hawakucheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akamsitiri mkewe ili atazame mpaka achoke mwenyewe? Hakumtania mtoto mdogo, nduguye Anas, kwa habari ya ndege wake? Nyumba isiyo na kicheko chochote cha halali inamfukuza kijana, na akitoka atapokewa na wengine.

Kundi la pili ndilo la hao wanaompokea. Kijana aliyenyimwa mchezo nyumbani anaukuta kwenye mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, iliyowekwa pembeni ya duka, au anaukuta ndani ya simu yake, akibeti juu ya mpira unaochezwa Uingereza na watu wasiomjua. Hiyo ndiyo maisir iliyokatazwa pamoja na ulevi, hata ikibadilishwa jina. Fedha ya mbegu inakwenda huko. Fedha ya yai la mtoto inakwenda huko. Na mwenye duka Muislamu anayekubali mashine hiyo ikae ukutani kwake kwa ajili ya fungu la faida, kisha akawa safu ya kwanza Ijumaa, na ajipime mwenyewe.

Dawa ya jambo hili si makemeo matupu. Dawa ni kuirudishia nyumba kazi na furaha yake. Jioni ya baridi ya mwezi wa Juni, watu wakizunguka moto, bibi na asimulie hadithi na kutega vitendawili. Baba amfundishe mwanawe kusuka kamba, kuchonga mwiko, kunoa panga. Mama afundishe, si mabinti tu bali na wavulana pia, kushona na kudarizi. Kule Unguja na Pemba kofia zinazovaliwa na masheikh wetu zimedariziwa kwa mkono, tundu kwa tundu, na kazi hiyo imelisha nyumba nyingi. Mchezo usio na kamari, usio na matusi, wala usiopitisha wakati wa Sala, unaotia akili na kujenga mwili, na uachwe uwepo.

TUANZE WAPI?

Kila mzazi anayesoma maneno haya na amchague mwanawe mmoja, amfundishe kazi moja ya mkono kabla ya Ramadhani ijayo. Kama hana anachokijua, kijijini yupo mzee anayejua: msusi wa ungo, mfinyanzi wa chungu, mhunzi wa chini ya mti. Mpeleke mtoto kwake, tena umlipe mzee huyo kama unavyomlipa mwalimu, kwa sababu ni mwalimu. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, na kila anapozikwa mmoja wao, kuna kitu kinafukiwa pamoja naye ambacho hakikuandikwa kitabuni.

Walimu wa madrasa nao watenge saa moja kwa wiki, watoto washike udongo na mbegu. Na jembe lisitumike tena kuwa fimbo ya kuadhibia. Mtoto aliyefanya vizuri ndiye apewe heshima ya kupanda mche.

Mji wetu ulituamrisha tutupe uchawi. Na tuutupe kwelikweli, pamoja na hirizi, ramli na kamari. Ama jembe, sindano, nyundo na mbegu, hivyo tuviokote tulipoviacha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie mikono yetu, aiepushe na haramu, na awape watoto wetu siha na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi taufiq.